Kapu la Ukoo wa Kirindi

Kaeni vizuri, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii imewashinda wenye mvi.

Palikuwa na ukoo katika milima ya Upare, ukoo wa Kirindi, wakulima wa tangawizi, na ndani yake watu watatu wenye vipaji. Mbonea alikuwa na kumbukumbu; wimbo ukimwingia sikioni hautoki tena. Senzota, mdogo wake, alikuwa na miguu. Kilima kinachowalaza wengine yeye alikipanda akipiga mluzi. Wa tatu alikuwa Naetwe, mjane wa kaka yao mkubwa, na kipaji chake kilikuwa kuelewa. Jambo ambalo wengine walilisoma mara kumi, yeye alilisoma mara moja, kisha akauliza swali la kukera.

Lakini aliyekereka kuliko wote, tena kwa jambo jingine kabisa, alikuwa shangazi yao, Nanzia. Kanisani kwao, kila Sikukuu ya Mavuno, kila ukoo ulileta kapu la malimbuko. Mtu mmoja, mmoja tu, alilibeba mpaka madhabahuni na kutaja asili ya ukoo wake kwa kufuata ule mstari wa Kumbukumbu la Torati, pale Mwisraeli anapoleta kapu lake na kusema kwamba baba yake alikuwa Mwarami. Palipo na Mwarami, kila ukoo ulimweka babu yake. Nanzia alikuwa amelibeba kapu la Kirindi miaka thelathini na mmoja, na kila mwaka alisema, "Baba yetu alikuwa mtemi." Ndivyo alivyofundishwa. Mtemi gani, wa wapi, hakuna aliyejua, na koo nyingine zilicheka chini kwa chini kwamba hao wa Kirindi wameota kama uyoga.

Magoti yalipoanza kumgomea, Nanzia aliwaita wale watatu.

"Nimechoka kumdanganya Mungu huku nimebeba tangawizi," aliwaambia. "Nitafutieni huyo baba. Atakayenipa neno la kweli la kusema, kapu ni lake, yeye na watoto wake."

Hapo ndipo alipojitia kitanzi mwenyewe.

Mbonea alikaa jikoni siku tatu, makande yakimpoa mbele yake, mpaka akaukumbuka wimbo aliokuwa akiuimba bibi yao wakati wa kusaga. Ulitaja mwamba wa Ikamba na kibuyu kitupu. "Alitokea Ikamba," alisema. Bila yeye wasingejua hata waelekee upande gani wa mlima.

Senzota alikwenda Ikamba, siku mbili kwa miguu, mvua ya masika ikimpiga, na ukucha mmoja akauacha njiani. Huko alimkuta bikizee aliyeujua wimbo ule na habari zake.

"Mtemi?" Bikizee alicheka mpaka akakohoa. "Alikuja mwaka wa nzige, mwanangu, kibuyu kitupu mkononi na mtoto mgongoni, hana kwao. Bibi yangu alimpa magimbi. Akalala chini ya mwamba ule, akapata nguvu, akavuka kwenda huko kwenu."

Bila Senzota, wimbo ungebaki wimbo.

Siku Senzota aliporudi na kusimulia, Nanzia alitarajia vigelegele. Badala yake Mbonea aliziba uso. "Ombaomba! Nisimame mbele ya kanisa niseme tumetoka kwa ombaomba?"

"Shangazi, tuendelee na mtemi wetu," alisema Senzota, kana kwamba miguu yake haikumleta yeye mwenyewe na habari hizo. "Bikizee hawezi kufika huku kutuumbua."

Nanzia alitamani kuwachapa wote wawili kwa mwiko. Lakini, kweli isemwe, naye moyoni alikuwa ameanza kulegea, maana aibu haina mazoea.

Ndipo Naetwe akafungua Biblia. "Mstari huu mmeusikia maisha yenu yote. Huyo Mwarami alikuwa nani, mfalme? Alikuwa mtu wa kutangatanga, karibu aangamie, akaingia nchi ya watu na jamaa zake wachache. Mwisraeli ameleta kapu limejaa, na cha kwanza kumtoka kinywani ni shida ya baba yake. Ndiyo sala yenyewe hiyo. Sisi ndio tulioigeuza ikawa majivuno. Wa kibuyu kitupu hana haja ya kupewa utemi. Mstari huu ulikuwa wake tangu mwanzo."

Nanzia alilia bila kujificha, kwa ajili ya ile miaka thelathini na mmoja. Bila Naetwe, baba yule angezikwa mara ya pili.

Ikafika Jumapili. Kapu lilijaa tangawizi mbichi, udongo bado umeishika. Kengele ya kwanza ilipolia, ugomvi ukaanza pale pale mlangoni mwa kanisa.

"Ni langu," alisema Mbonea. "Mimi ndiye niliyemkumbuka."

"Ulimkumbuka ukiwa umekaa," alisema Senzota. "Mimi nilimfuata. Tazama kidole hiki."

"Na mlipompata mkataka kumficha," alisema Naetwe.

"Shemeji, tunakuheshimu," alisema Mbonea, "lakini kapu hubebwa na damu ya Kirindi. Wewe uliolewa hapa, na aliyekuoa hayupo. Wewe ni mgeni."

Naetwe hakupandisha sauti. "Na yule wa kibuyu kitupu, siku anafika, alikuwa damu ya nani?"

Mbonea alilivuta kapu upande wake. Mkono wake haukuliachia.

Hasira zilimpanda Nanzia. Aliomba walibebe wote watatu. Mzee wa kanisa akatikisa kichwa. Kapu moja, kinywa kimoja, na ukoo usio na kinywa hungoja mwakani. Mwakani! Magoti yake hayakuwa na mwakani, na yeye alitaka kuisikia kweli ile ikisemwa pale mbele kabla hajafa. Aliahidi kapu kwa atakayempa neno, na neno lenyewe alikuwa amepewa na watu watatu.

Koo nyingine zimekwisha kupita. Kengele inalia mara ya pili. Mzee wa kanisa anaita, "Kirindi!" Mikono mitatu imeshika kapu, na macho yote yanamtazama Nanzia.

Haya, nyinyi mlioyameza majibu, yatoeni sasa. Ungekuwa wewe Nanzia, ungemwachia nani kapu, akamtaje yule baba?