Magadi ya Mama Mkwe

"Magadi hayabagui haragwe na mfupa." Mmenisikia, wajukuu zangu, nikimwambia jirani, mkacheka, sasa mwataka kujua neno hilo limetoka wapi. Limetoka jikoni humu humu.

Kila siku kabla ya alfajiri niliamshwa na sauti ndogo: kwaru, kwaru, kwaru. Ni mama mkwe wangu, Ndeshukurwa, anasaga magadi juu ya jiwe. Niliolewa hapa mlimani Meru nikiwa binti mdogo, na mama yule hakunipenda nusu nusu. Alipoona nimechoka na kunyonyesha, alichukua kazi ya kupika makande, mahindi na maharage katika chungu kimoja. Magadi huyalainisha maharage upesi, na kuni zinabaki.

Mwaka wa tatu nikaanza kupauka. Viganja vyeupe, magoti yanauma, hata kumbeba baba yenu mgongoni siwezi.

"Mwanangu, damu imepungua," mama akasema. "Maharage huleta damu."

Akaongeza maharage, akaongeza na magadi. Nikazidi kudhoofu.

Tukaenda zahanati. Muuguzi, binti wa huku huku mwenye meno ya kahawia kama yetu, akanifunua kope.

"Nani anampikia?"

"Mimi," mama akajibu kwa fahari. "Makande yangu hata kibogoyo anamaliza bakuli!"

"Magadi kiasi gani?"

Mama akaonyesha ngumi.

Muuguzi hakumcheka. Alimshika ngumi ile ile, akamweleza taratibu: magadi yetu, na hata maji ya chemchemi yetu, yana floraidi nyingi. Ikizidi hutia meno kahawia, kisha huingia mifupani, na ndani ya mfupa kuna uboho, ndiko damu inakotengenezwa.

Mama akaitazama ngumi yake. "Kumbe alfajiri zote zile nilikuwa namsaga mtoto wa watu."

"Mama, ulikuwa unanipenda."

"Magadi hayajui hayo. Hayabagui haragwe na mfupa."

Jiwe lile akalitia chini ya pipa la kukingia maji ya mvua, lisiyumbe. Tangu hapo tukaloweka maharage usiku kucha, tukayachemsha nusu siku kwa maji ya pipa hilo. Damu yangu ilirudi polepole. Magoti hayakurudi yote, mnayasikia nikiinuka. Na ile kwaru kwaru, wajukuu zangu, mpaka leo naamka nikiitafuta.

Basi ndivyo: magadi hayabagui haragwe na mfupa, hata yakisagwa na mkono unaokupenda.

Makande ya leo hayajaiva, na gari lenu linaondoka. Njooni tena Jumamosi. Nitaloweka Ijumaa.