Nesta na Mafundo ya Mzee Gwakisa

Mhunzi hushika chuma cha moto kwa koleo. Koleo likivunjika, wapo wanaodhani kazi imekwisha, moto uzimwe na mivukuto iwekwe kando. Wahenga hawakukubali. Walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na watu wa Ibaba, kule milimani Ileje, walilishuhudia hilo mchana kweupe.

Huko aliishi Mzee Gwakisa, mkwea miamba aliyesifika hadi ng'ambo ya mpaka. Ujanani aliwabebea wageni mizigo katika milima ya mbali, akarudi nyumbani na kamba, vyuma na maarifa. Akawafundisha vijana kukwea Jabali, mwamba mrefu uliosimama juu ya mashamba ya viazi. Alikuwa mcheshi asiye na mfano. Akiwa juu aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbovu, na aliyelalamika aliambiwa kwamba anayetaka kwaya nzuri abaki chini. Waliomtabiria kifo cha mwambani waliaibika, kwani alifariki kitandani kwake, uzeeni, baada ya kula ugali akashiba.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Nesta binti Yonathani, msichana aliyelipenda Jabali kufa na kupona. Walipokwea, Mzee alitangulia daima, akipachika vyuma kwenye nyufa na kuvifungia kamba. Shadrack na Jastin, vijana wenye misuli, walimfuata. Nesta alikuwa mkia, na kazi ya mkia ni kufungua mafundo, kung'oa vyuma na kuvibeba. Wenzake walimwita muuza vyuma chakavu. Naye alicheka pamoja nao, ingawa moyoni utani huo ulimchoma.

Mzee alipozikwa, Yonathani, ambaye roho yake haikuwahi kutulia binti yake akiwa juu, alikubaliana na wazazi wenzake. Siku ya kumaliza matanga vijana wangekwea kwa heshima ya marehemu. Wakifika kileleni, waendelee na mchezo wao. Wakishindwa, kamba ikunjwe na kila mtoto ashike jembe. Nesta aliposikia hayo alinyong'onyea, kwa maana hakuwa na furaha nyingine iliyolingana na ile ya mwambani.

Siku ikawadia, wala haikuwa siku ya majonzi. Mchele wa Kamsamba ulinukia masufuriani, kwaya ilipiga ngoma, na jamaa wa upande wa Zambia walimletea mjane, Bibi Ferista, kitenge kipya. Watu walisimulia vituko vya marehemu wakacheka hadi machozi yakawatoka, mengine ya kicheko na mengine ya kumkumbuka. Kisha wote wakaongozana hadi chini ya Jabali.

Shadrack alitangulia kwa mbwembwe nyingi, lakini kwenye ufa wa kwanza akaduwaa. Miaka yote alikuwa akifuata kamba iliyokwisha kukazwa, hakuwahi kujiuliza ilikazwaje. Kila chuma alichopachika kilichomoka. Akashuka, jasho likimtiririka. Jastin naye alijaribu, akaishia palepale. Yonathani akaanza kuikunja kamba.

Nesta aliitazama mikono ya baba yake ikikunja, na hapo ndipo jambo likamjia waziwazi hata nusura acheke. Hapakuwa na fundo la Mzee ambalo halikupita mikononi mwake. Kila chuma ni yeye aliyekitoa, tena kwa jasho, mpaka akajua kililala vipi ufani. Alichohitaji sasa ni kufunga pale alipozoea kufungua.

"Baba, naomba hiyo kamba," alisema.

"Wewe? Si huwa unakaa nyuma?"

"Ndiyo, Baba. Huko nyuma ndiko nilikoona alivyofanya."

Yonathani alisita. Bibi Ferista akamgusa bega.

"Mpe kamba, baba Nesta. Mume wangu hakumweka mwisho kwa kumdharau. Alikuwa akisema wa mwisho ndiye anayemaliza somo."

Nesta akajifunga kiunoni, Shadrack akashika kamba kutoka chini. Chuma cha kwanza alikilaza ubavu, akakivuta kwa nguvu, kikashika. Cha pili kikashika. Akapanda taratibu mpaka kwenye tumbo la mwamba karibu na kilele, na hapo mguu ukateleza. Akaanguka! Kina mama walipiga yowe. Lakini kamba ilikaza, na Nesta akabaki ananing'inia, akikitazama chuma alichokipachika mwenyewe. Hakikuwa kimesogea hata kidogo. Alifurahi furaha isiyo na kifani, akarudi mwambani, akakwea tena, na safari hii akafika.

Vigelegele viliitikiana bondeni. Shadrack na Jastin walimfuata hadi kileleni, Jastin akiwa mkia, vyuma vikimlialia kiunoni, wala hakuna aliyemtania. Huko juu Nesta alilia kidogo, kwa sababu alimkumbuka Mzee wake, kisha akacheka.

Aliposhuka, Yonathani alimkumbatia mbele ya watu, jambo ambalo si desturi yake. Akakohoa kidogo, akamwambia kwamba mdogo wake Nesta, Judith, amekuwa akimsumbua tangu asubuhi naye aruhusiwe kukwea.

"Sasa utamweka wapi?" aliuliza.

"Mwisho, Baba," Nesta alijibu. "Nyuma yangu."

Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.