Siku Tuliyomlimia Tabea

Jembe halivishi shamba. Mmenisikia nikiyasema maneno hayo asubuhi, mliporudi kunieleza jinsi mlivyompelekea mama yenu mdogo wageni thelathini wa kumwimbia katika ugonjwa wake, naye akajifunika shuka hadi kichwani. Mlidhani nawatania. Sikuwatania. Kaeni hapa mmenye njegere hizi, maana mikono yangu imechoka, nami nitawaambia methali hiyo ilikotoka. Msidhani ni ya wahenga wa zamani sana. Ilianzia hapa hapa kijijini, kwenye bustani ya wifi yangu, na aliyesababisha itamkwe ni mimi.

Wifi yangu aliitwa Tabea, mke wa marehemu kaka yangu Mbelwa. Kaka alipofariki alimwachia watoto watatu na bustani moja ya mboga, matuta saba yanayoshuka mlimani kama ngazi. Ardhi yenyewe ilikuwa ya ukoo wetu, na ukoo wetu ulikuwa na desturi. Kila mwaka masika yakielekea kwisha, kabla baridi ya kipupwe haijakaza, mzee wa ukoo hupita njia ya juu akitazama mashamba yote chini yake. Akiona udongo mwekundu umegeuzwa, huenda zake. Asipouona, shamba hilo huhesabiwa limetupwa, na kilichotupwa hurudi kwa ukoo kikapewa mtu mwingine. Miaka hiyo mzee wetu alikuwa Shekiondo, mtu wa haki, lakini si mtu wa kubembelezwa.

Sasa mwaka ule Tabea alikuwa ameteleza na mzigo wa kuni, akaumia mgongo. Kuinama aliweza kidogo, kuinuka ndiyo ilikuwa kazi. Jembe hakuweza kulinyanyua hata mara kumi. Na mjane aliyenyang'anywa bustani katika milima hii hana pa kuegemea, anarudi kwao na watoto wake wanagawanywa kwa ndugu. Sisi sote tulilijua hilo, na yeye alilijua kuliko sisi.

Basi akafanya kazi ambayo hatukuwahi kuiona. Maharage yalipokwisha kuvunwa hakuyang'oa. Aliyakata kwa kisu usawa wa udongo, mizizi akaiacha ioze mle mle. Akamwaga samadi ya mbuzi iliyokaa mwaka mzima. Juu yake akatandaza majani makavu ya migomba na nyasi zisizo na mbegu, hadi kila tuta likawa nene kama godoro, kisha akalaza fito juu ili upepo usipeperushe. Halafu akatoboa matundu, akachomeka vitunguu saumu na miche ya kabichi na sukuma wiki. Majani yale aliyaokota mwenyewe tangu mwezi wa pili, mafungu mawili madogo kwa siku, kwa sababu la tatu mgongo ulilikataa. Nilikuwa nimeolewa jirani, kwa hiyo nilimwona kila siku akipita mlangoni kwangu, mkono mmoja kichwani kwenye fungu, mkono mwingine kiunoni.

Siku moja nikamsimamisha. "Wifi, hulimi mwaka huu?"

"Mwaka huu nalivika," akasema. "Kipupwe kina upepo mkavu. Udongo ukikaa uchi unakuwa jiwe."

"Bila jembe?"

"Kule msituni nani analima? Na miti imenona."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka anayeutafutia uchovu wake jina zuri. Watu kisimani nao walikuwa wameshaanza, wakisema Tabea anaitandikia kabichi kitanda, kesho atailetea na mto. Mimi sikupenda mzaha ule, maana alikuwa mke wa kaka yangu. Lakini moyoni niliogopa. Kutoka njia ya juu Shekiondo angeona majani matupu, nyekundu asiione hata kidogo.

Ikabaki wiki moja ukaguzi ufike, Tabea akaitwa hospitali mjini kuangaliwa mgongo. Angelala huko siku nne. Aliniachia watoto, akanishika mkono, akaniambia, "Bustani iache ilivyo." Nilimjibu ndiyo. Nilifikiri anaona haya kuniomba msaada.

Siku ya pili nikawakusanya wanawake sita, kila mmoja na jembe lake. Tulifagia matuta yote saba. Yale majani tukayarundika pembeni tukayachoma, kwa kuwa shamba safi kwetu ni lile lisilo na jani. Moshi ulikuwa mweupe na mzito, maana fungu lote la chini lilikuwa na unyevu, na hata hilo halikunifundisha kitu. Tulilima toka umande hadi jua likaribie kuzama. Tuliimba. Kabichi tulizirudishia kwa mistari iliyonyooka, vitunguu saumu tukavifukia upya. Nilipomaliza viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na niseme kweli, nilijiona mtu mwema sana.

Tabea aliporudi tulikuwa tunamngoja na chungu cha makande. Alisimama juu ya tuta la kwanza akatazama chini. Bustani yote ilikuwa nyekundu. Kwenye rundo la majivu moshi ulikuwa bado unatoka kidogo. Akasema, "Ahsanteni, mmechoka," akakaa chini pale pale kwenye udongo.

Wenzangu walikula wakaondoka. Mimi nikabaki.

"Wifi, mbona hufurahi? Mzee Shekiondo akipita hana la kusema."

"Hana."

"Sasa kinachokuuma ni nini? Tumekulimia siku nzima."

"Najua mmelima." Alichukua bonge la udongo akalifinya, likavunjika. "Yale majani yalinichukua siku tisini, wifi. Nilikuwa nahesabu, kwa sababu kila siku nilisema leo ndiyo ya mwisho kuumia."

"Lakini ungenyang'anywa."

"Pengine. Sasa sitanyang'anywa, na sitakuwa na cha kuvuna." Hakupandisha sauti. Alikuwa amechoka mno kunigombeza. "Umenipa nguvu zako zote na sikuzihitaji. Jembe halivishi shamba."

Nilikasirika. Niliona ni mtu asiye na shukrani, nikaondoka bila kuaga.

Wiki ile Shekiondo alipita njia ya juu, akaona nyekundu, akasema kwa sauti tuisikie sote kwamba mke wa Mbelwa ni mchapakazi. Bustani ikabaki kuwa yake. Siku mbili baadaye ikanyesha mvua ya mwisho ya masika, mvua ya saa mbili tu. Kwenye mlima ule uliolegezwa na majembe saba na kuvuliwa nguo zake, maji hayakupata cha kuyazuia. Udongo wa juu uliteremka wote hadi bondeni ukienda na samadi yake. Kisha kipupwe kikaingia na upepo wake, na kilichobaki kikakauka, kikapasuka. Kabichi zilikomaa zikiwa kubwa kama ngumi ya mtoto. Ili kuziokoa ilibidi zimwagiliwe, na mwenye mgongo ule hawezi kupanda mlima na ndoo. Nilimchotea niwezavyo, lakini maji yalipita kwenye nyufa kama tunamwaga shimoni.

Mwezi wa saba, mboga ilipokwisha kabisa, Tabea aliwapeleka watoto wawili wadogo kwa mama yake, milima ya pili. Nilimsindikiza. Yule mdogo kabisa alilia hadi sauti ikamkauka. Jambo lile lile nililotaka kumwepusha nalo, nililileta kwa mikono yangu. Nimezeeka, nimezika watu wengi, na bado kilio kile kinanijia.

Tuliporudi nikamwuliza, "Nifanye nini, wifi?" Ningemwuliza swali hilo mwezi wa tano tungekuwa na watoto nyumbani.

"Nibebee majani," akasema.

Nikabeba. Mwaka mzima nilibeba majani, nyasi, maganda ya maharage, kila kilichooza. Nilijifunza kukata bila kung'oa. Masika yaliyofuata yalipokaribia kwisha, matuta yote saba yalikuwa yamevikwa, na vitunguu saumu vimetoa ncha za kijani katikati ya majani.

Shekiondo akapita njia ya juu. Akasimama. Akateremka polepole hadi kwenye tuta letu la tatu.

"Sioni jembe hapa," akasema.

Tabea alitaka kujibu, nikamtangulia. "Hutaliona, baba. Mwaka jana nililima mimi na wanawake sita, wewe ukasifu. Baada ya sifa zako watoto wa Mbelwa walihama kwa njaa. Mimi ndiye niliyewafukuza, kwa jembe hilo hilo unalolitafuta. Wifi aliniambia jembe halivishi shamba, nikamnunia. Kama utalirudisha kwa ukoo, lirudishe ukijua kwamba mwaka tuliolitupa ni ule ambao wewe ulilisifu."

Mzee akainama kwa shida, akapenyeza mkono chini ya majani hadi kwenye kifundo. Alipoutoa, vidole vilikuwa vimepakaa udongo mweusi wenye maji, wakati mashamba ya jirani yalikuwa tayari yanatimka vumbi. Alijipangusa mkono kwenye fimbo yake, akapanda njia, akaenda kutazama shamba la mtu mwingine. Bustani haikuchukuliwa. Wale watoto wawili walirudi kabla kabichi hazijafunga vichwa.

Watu waliosikia waliyachukua maneno yale wakaenda nayo sokoni, misibani, hadi yakawafikia ninyi. Wengi huyasema bila kujua kulikuwa na Tabea. Yeye hakuwahi kunikumbusha kosa langu hata siku moja, ila mimi najikumbusha. Nililima siku nzima kwa mapenzi, hadi viganja vikachubuka, na watoto wa kaka yangu wakalala kwa watu. Jembe halivishi shamba, wajukuu zangu.