Kaya ya Sitini na Picha ya Jalada

Hii nimetumiwa, nami naisogeza mbele. Kama kuna watu unaowasimamia, hata wawili tu, usiishie njiani.

Kulikuwa na msomi mmoja, Dokta Luhende, aliyepewa kazi ya kutathmini zahanati ya kijiji kimoja huko Unyamwezini. Zahanati hiyo ilikuwa na mkunga mmoja tu. Halmashauri ilikuwa imepata mkunga mwingine, na vijiji viwili vilikuwa vinamgombea. Tathmini ikionyesha kijiji hiki kina shida, mkunga angeletwa hapa. Ikionyesha mambo ni mazuri, angepelekwa kwa wenzao. Basi, jambo lenyewe lilikuwa hilo, na ripoti ilitakiwa Jumatatu.

Dokta Luhende alikuwa mtu wa mipango, hana mchezo. Alichukua daftari la kaya la kijiji, akagawa kaya mia tatu kwa wadodosaji watano, kila mmoja sitini, kwa siku nne. Ukutani akabandika karatasi kubwa yenye majina yao. Kila jioni aliandika mbele ya kila jina idadi ya madodoso yaliyojazwa, na aliyeongoza alipewa soda ya baridi mbele ya wenzake. Usicheke. Watu wazima na ndevu zao waliigombania soda ile!

Soda ilikuwa ya Masele karibu kila siku. Alipewa kaya ya kwanza hadi ya sitini, na madodoso yake yalikuwa masafi: hakuna kisanduku kitupu, hakuna mkwaruzo. Kumi na tano kwa siku, bila kukosa.

Wa mwisho siku zote alikuwa Mwalimu Kalunde, mama mstaafu aliyefundisha darasa la pili kwa miaka thelathini. Yeye alianzia kaya ya sitini na moja. Alileta sita kwa siku, na hayo sita yenyewe, mama wee! Pembeni kumejaa maandishi madogo madogo, mishale, maelezo yanayopanda juu kisha yanageukia nyuma ya karatasi.

"Mwalimu," Dokta akamwambia, "dodoso lina visanduku. Ndiyo au hapana. Hizi hadithi nitazipeleka wapi?"

"Mwanangu, ukimuuliza mtu kama ameridhika, anakwambia ndiyo kwa adabu tu," akajibu Mwalimu Kalunde. "Nikikaa nikamenya naye karanga, ndipo anaanza kusema."

"Basi menya haraka."

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka kidogo, akachukua mkoba wake akatoka. Madodoso yake Dokta aliyatia kwenye boksi chini ya meza, akasema atayasoma akipata nafasi. Nafasi yenyewe unaijua ilivyo. Boksi likageuka kuwa mahali pake pa kuwekea miguu.

Ijumaa akapiga hesabu kwa madodoso ya wale wanne. Asilimia tisini na nne ya wanakijiji wameridhika na zahanati. Akaandika hitimisho kwamba kijiji hakina haja ya mkunga wa pili. Ripoti ikanoga. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, picha ya jalada.

Akapekua akimtafuta mtu aliyeridhika kuliko wote, akampata kaya ya sitini: Nyamizi Kapaya, miaka ishirini na sita. Maswali yote kumi na mawili, ameridhika sana. Jumamosi asubuhi Dokta akachukua kamera, akaenda mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga nyumba ya mtu tangu kazi ianze.

Akamkuta mama mmoja anapepeta mtama.

"Hodi hapa! Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu kigoda."

"Namtafuta Bi. Nyamizi. Tumemhoji juzi kuhusu zahanati, na majibu yake yametufurahisha sana. Tunaomba tumpige picha, ikae mbele ya ripoti."

Yule mama akauweka ungo chini. Akamtazama kuanzia viatu hadi kamera.

"Mmemhoji juzi?"

"Ndiyo, mama."

"Akasemaje mwanangu?"

Dokta akafungua dodoso, akamsomea kwa furaha kabisa. Ameridhika na muda wa kusubiri. Ameridhika na lugha ya mkunga. Mkunga yupo wakati wote.

Mama akainuka, akakaza khanga yake. "Njoo, baba."

Akampeleka nyuma ya nyumba. Karibu na mipapai palikuwa na kaburi ambalo udongo wake ulikwishaanza kushuka. Kando yake palikuwa na lingine, dogo, la urefu wa mkono.

"Huyo hapo na mwanawe," akasema. "Mwezi wa tano. Uchungu ulimshika asubuhi kweupe, tukambeba, tukakuta zahanati ina kufuli. Mkunga kaitwa semina mjini. Haya, mpige picha."

Dokta Luhende hakuinua kamera. Aliona aibu, ile aibu ya mtu asiyejua mikono yake aiweke wapi. Akasema pole. Mama akaitikia, "Nimeshapoa," akarudi kwenye ungo wake.

Ofisini akamwita Masele.

"Kaya ya sitini uliongea na nani?"

Masele akainamisha kichwa. "Sikufika, mkuu. Majina na umri vilikuwa kwenye daftari. Nilikaa mgahawani nikajaza."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Kila jioni ulikuwa unaniuliza nimeleta mangapi. Hukuwahi kuniuliza nimeongea na nani."

Dokta alikuwa amejiandaa kufoka. Badala yake akainama chini ya meza. Akavuta lile boksi, akatoa dodoso la juu kabisa, la siku ya kwanza, kaya ya sitini na moja. Pembeni, kwa mwandiko wa kufundishia darasa la pili, palikuwa pameandikwa: "Jirani yao Nyamizi, kaya ya sitini, alifariki Mei akijifungua. Zahanati ilifungwa. Si yeye peke yake, wamenitajia wengine watatu. Mkuu, tafadhali soma hii mapema."

Siku tano nzima alikuwa ameiwekea miguu.

Akapiga simu halmashauri, akaomba wiki mbili, na maneno aliyoambiwa huko hayafai kuandikwa hapa. Karatasi ya ukutani akaichana mwenyewe. Masele akaondolewa kazini, na zile kaya sitini Dokta alizizungukia kwa miguu yake, Mwalimu Kalunde akiwa mbele, yeye nyuma anajifunza kumenya karanga. Madodoso ya wengine nayo yakarudiwa, kaya kwa kaya.

Ripoti ilichelewa, na jalada lake halikuwa na picha. Kwenye kaya ya sitini paliandikwa mstari mmoja: "Hakuhojiwa. Alifariki mlangoni pa zahanati." Mwezi uliofuata mkunga wa pili akashuka kijijini na mabegi yake.

Mama yake Nyamizi alikwenda kumpokea. Akamshika mkono, akamuuliza jambo moja tu: "Wakikuita semina, mwenzako atabaki?"

Funzo: Ukiwapima watu kwa wingi wa karatasi, watakuletea karatasi. Msimamizi wa utafiti aulize kwanza nani ameongea na nani, na asome yaliyoandikwa pembeni kabla ya kujumlisha yaliyo kwenye visanduku.