Kwa Nini Elfu Moja na Tisa Haigawanyiki

Zama hizo namba zote zilikuwa laini. Hapakuwa na idadi iliyomshinda mtu kuigawa. Wawe mbuzi wangapi na watoto wangapi, kila mmoja alipata sawa na mwenzake na hakikubaki kitu. Watu hawakuujua ugomvi wa mafungu, na kwa kutoujua wakabweteka.

Katika nchi moja ya wafugaji, kazi ya kugawa ilikuwa ya Lugwisha, mwana pekee wa Minza. Ukaja ukame, mto ukakauka, wazee wakaamua watu waende kwenye visima saba vya mbali, kila kisima na kundi lake. Lugwisha akawapanga mstari ili awahesabu. Mwishoni kabisa aliketi mama yake, mguu umevimba, hawezi kutembea.

"Huyo tumbebe sisi?" wakauliza watu wa kundi la kwanza. La pili nalo likakataa, hadi la saba. Mzee Malunde akamvuta Lugwisha kando.

"Mwanangu, usituponze. Hesabu bila yeye."

Haya, mnaona? Namba ingegawanyika hata Minza akiwemo. Walioshindwa ni watu. Lugwisha alilijua hilo na moyo ulimuuma, lakini aliyaogopa macho ya wenzake. Akahesabu hadi elfu moja na nane, akaishia hapo.

"Na mimi je, baba?" Minza akamuuliza mwanawe.

Lugwisha akampa mgongo. Makundi yakashika njia, na nyuma yao sauti ya yule bibi ikawafuata, ikijihesabu yenyewe: "Elfu moja na tisa. Elfu moja na tisa."

Mvua iliporudi, Lugwisha alimkuta mama yake palepale alipomwacha, amekufa kwa kiu. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyethubutu kumwambia pole. Watu wote walirudi salama kutoka visimani, wakakusanyika kuzika. Desturi yao ilikuwa maiti ahesabiwe pamoja na walio hai mpaka afukiwe, na watu wakae makundi sawasawa kwa chakula cha msiba.

Safari hii Lugwisha alimhesabu. Elfu moja na tisa. Akagawa kwa mbili, akabaki mmoja. Kwa tatu, akabaki mmoja. Kwa tano wakabaki wanne, kwa saba akabaki mmoja tena. Kila njia iligoma isipokuwa mbili tu: wakae wote kundi moja, au kila mtu akae peke yake. Hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake usoni. Wakala kila mtu peke yake, wamepeana migongo.

Na tangu siku hiyo elfu moja na tisa haigawanyiki. Wala haiko peke yake. Namba za namna hiyo wasomi huziita namba tasa, na wanasema hata uhesabu hadi wapi, mbele utakuta nyingine. Hazitaisha. Kila mtu anapoachwa nje ya hesabu, namba moja inakuwa ngumu, na watu bado wanaachana.