Suruali ya Daktari

Wahenga hawakumtukana mganga waliposema hajigangi, walimhurumia tu. Jicho huona tongo la kila mtu, lake halilioni mpaka liambiwe.

Katika zahanati moja alikuwapo daktari wa familia, bingwa wa kisukari, mkali kama siki. Wagonjwa walisema ulimi wake pekee ungeweza kushusha sukari. Siku moja muuguzi wake alileta boksi la vipima sukari vya kubandika mkononi. Akaeleza kwamba wagonjwa watajisomea sukari zao kwenye simu, wakutane kila wiki kushauriana, na daktari aitwe penye uzito. Daktari akauliza kama yeye sasa akauze mchicha. Kisha akakunja shati: abandikwe yeye, mbele ya wagonjwa wote, na kipima kikidanganya, boksi lirudi lilikotoka.

Saa moja ikapita. Muuguzi akaitazama simu, akaitazama tena.

"Soma, mwanangu. Au nacho kinaniogopa?"

"Kumi na saba, Daktari."

Ilikuwa zaidi ya maradufu ya sukari ya mtu mwenye afya. Daktari akacheka, akasema si aliwaambia kitadanganya, akaagiza boksi lifungwe.

Hapo akainuka mama fundi cherehani, mgonjwa aliyegombezwa kuliko wote. "Baba, mashine huenda inadanganya. Futi yangu haidanganyi. Suruali hiyo nimeipunguza kiuno mara tatu mwaka huu."

Daktari akalitazama jagi lake la maji, la pili asubuhi ile. Akakumbuka herufi za mafaili zilivyokuwa zikimcheza shere, naye akiilaumu miwani. Polepole akatoa kidole kitobolewe. Kipimo cha zamani nacho kikasema kumi na saba.

"Macho yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nimechelewa?"

"Hujachelewa," muuguzi akamjibu. "Ila hutajiandikia dawa. Daktari mwenzako atakuona leo hii. Na Jumanne saa nne, uje kikaoni kama wengine."

Mama fundi akasogea kwenye benchi kumpisha. "Karibu, mgonjwa mwenzetu. Ukila vibaya tutakugombeza; mwalimu wetu ulikuwa wewe."

Miezi minne baadaye sukari ilishuka hadi saba, herufi zikatulia, boksi likabaki tupu kwa kuwa vipima vyote vilikuwa mikononi mwa wagonjwa, na mama fundi akaifumua ile suruali kiunoni. Na mgonjwa mpya akimwuliza daktari yeye hutibiwa na nani, humwonyesha lile benchi, akacheka: mganga hajigangi.