Kakakuona na Ua la Bangi

Paukwa.
— Pakawa.
Nimepika.
— Pakua.

Hapo kale wanyama walikutana nyumbani kwa Kakakuona. Alikuwapo Kima. Alikuwapo Nguchiro; nasema Nguchiro, si Cheche anayefanana naye. Alikuwapo Bi Pimbi, rafiki wa Kakakuona tangu utoto. Naye Kakakuona alikuwapo, mgonjwa, amejikunja kama mpira. Tumbo lilimuuma, hana usingizi wala hamu ya chakula. Bi Pimbi hakutaka jingine ila rafiki yake ale, hata kidogo.

Kila mmoja alileta ua la bangi. Ua lenyewe la mmea jike, si jani wala mbegu.

Kima akalitia katika kiko cha buyu, akamvutisha. Kakakuona akakohoa, magamba yakalia kaka-kaka, akajikunja.

“Unamfukizia moshi kama mzinga wa nyuki,” Bi Pimbi akasema.

Nguchiro akalichemsha, akamnywesha maji yake. Wakangoja, wakangoja. Kumbe nguvu ya ua lile haitoki kwa maji matupu. Kakakuona akajikunja.

Bi Pimbi akalipika polepole katika samli, akaichanganya na uji, akamlisha kijiko kimoja. Kima akaomba chake, akapewa. Kakakuona akajikunja.

“Bi mkubwa, uji wako umelala njiani?” Kima akauliza. Akaramba kijiko cha pili. Akaramba cha tatu. Bi Pimbi alimwonya kwamba moshi hukimbia na samli hutembea, hakusikia.

Jua lilipoinama, samli ikafika. Kima akakumbatia kichuguu kilichokuwa uani, akanyenyekea.

“Shikamoo, mama mkwe. Nisamehe, sikuja msibani.”

Kakakuona akafungua jicho. Akacheka. Akajikunjua.

“Pimbi,” akasema, “hicho kichuguu hakina mchwa?”

Bi Pimbi akachimba kwa kucha zake, akamletea. Kakakuona akala, akala, akala. Wakakumbushana walivyokuwa wakiiba asali, mpaka akasinzia, ulimi nje. Kima naye alilala hadi kesho yake mchana, akaamka akiulaumu uji.

Hadithi yangu imefika. Aliyesinzia aamshwe, aliye macho akafunge mbuzi. Funzo lake: kinachovutwa huja upesi, kinacholiwa hukawia, na asiyeweza kungoja asiombe kijiko. Msinitazame hivyo, mimi nimesimulia tu, sikuramba.

Ua lile halikumponya Kakakuona. Lilimpa mlo na usingizi. Alikufa kabla ya mvua.